Fizi zinatoka damu, sukari haishuki: daktari wa meno anasema kweli au anatafuta wateja?

#1 Kigoda
Wakuu habari. Naenda moja kwa moja.

Mzee wangu ana miaka 63, kisukari mwaka wa tisa huu. Dawa anameza, vidonge nahesabu mwenyewe. Kipimo cha HbA1c, kile kinachoonyesha wastani wa miezi miwili mitatu, kimesoma 9.1 na dozi imeshapandishwa mara mbili.

Juzi nikampeleka kwa daktari wa meno kwa sababu jino la mbele linacheza. Daktari wala hakuligusa. Alichukua kijiti cha chuma chenye alama za milimita, akawa anakizamisha kati ya fizi na jino huku anamtajia msaidizi namba: nne, sita, saba, tano, saba. Kila alipokitoa, damu inafuata. Halafu akanigeukia mimi, si mzee: "Sukari yake inashuka?" Nikasema hapana. Akasema haitashuka vizuri kama fizi hizi hazijatibiwa. Anataka kumsafisha mara nne, kila safari robo ya kinywa.

Nimetoka nusu nimeamini, nusu nahisi nimepigwa. Fizi na sukari wapi na wapi? Halafu nikakumbuka kitu: asubuhi nikitandika kitanda chake, foronya huwa na doa la pinki. Siku zote nilidhani ni dawa ya kikohozi.

#2 Mjomba Mkorofi
Safari nne? Umepigwa mkuu. Fundi akikuambia gari halina nguvu kwa sababu ya taa, hapo unajua unalipia taa.

#3 Tunu_S
Natia kambi hapa. Mama yangu naye hivyo hivyo.

#4 Nesi Zamu ya Usiku
Kigoda, hujapigwa. Niko wodini miaka mingi, hili tunaliona.

Namba alizotaja ni kina cha mfuko ulio kati ya fizi na jino. Fizi nzima inasoma moja hadi tatu. Saba maana yake fizi imeachia na mfupa unaoshika jino umeliwa, ndiyo maana jino linacheza. Ndani ya mfuko ule kuna kidonda kisichoonekana. Ukijumlisha mifuko yote ya kinywa kibovu unapata kidonda cha sentimita za mraba kadhaa, kiko wazi usiku na mchana. Mzee angekuwa na kidonda cha ukubwa huo mguuni, mngelala?

Mwili wenye kidonda cha kudumu uko vitani muda wote, na kemikali za vita hiyo zinaifanya insulini isisikilizwe. Hapo ndipo sukari inapogoma.

#5 Chonge
Nesi kaeleza vizuri, ila kaeleza upande mmoja. Barabara hii ina njia mbili. Sukari ikiwa juu, chembe nyeupe za damu zinafanya kazi ovyo na vidonda vinachelewa kupona, fizi zikiwemo. Kwa hiyo kisukari ndicho kinachoharibu fizi. Huyo daktari kaona matokeo akayaita chanzo.

#6 Nesi Zamu ya Usiku
Chonge, wapi nimesema njia ni moja? Vyote viwili vinatokea pamoja, kimoja kinakilisha kingine.

#7 Mwalimu wa Takwimu
Jamani kabla ya kugombana tuulize: kuna aliyewahi kuwasafisha watu fizi halafu akawapima sukari? Wapo.

Mwaka 2013 Marekani walichukua wagonjwa zaidi ya 500 wa kisukari, wengine wakasafishwa fizi bila kusubiri, wengine wakasubirishwa. Miezi sita baadaye HbA1c haikuonyesha tofauti. Wengi wakasema basi, hadithi imeisha. Lakini wataalamu wengine walilalamika kwamba usafishaji wenyewe ulikuwa hafifu, fizi za watu wengi zilibaki zinatoka damu. Mwaka 2022 Cochrane, shirika la kimataifa linalochambua tafiti za tiba, wakakusanya majaribio 30 na kitu, wakapata kwamba miezi mitatu minne baada ya matibabu HbA1c inashuka kwa wastani wa 0.43.

Kwa hiyo Kigoda, mzee akitoka 9.1 akafika 8.7 hivi, ndicho cha kutarajia. Si muujiza. Ila kuna vidonge vinavyomezwa kila siku ambavyo havifanyi zaidi ya hapo sana.

#8 Mjomba Mkorofi
0.43! Safari nne kwa sufuri nukta! Bora atembee kwa miguu kwenda na kurudi, sukari itashukia njiani.

#9 Kigoda
Mjomba hahaha. Asante Mwalimu, namba hiyo ndiyo nilikuwa naitafuta. Yule daktari hakuitaja, alisema tu "haitashuka".

#10 Babu Asiyezeeka
Hamjambo wajukuu. Zamani walikuwa wanang'oa yote. Mtu ana maumivu ya viungo, anang'olewa. Ana kichaa, anang'olewa. Sisi tumekuta mabaki ya imani hizo.

#11 Zawadi_02
Shikamoo babu. Kichaa na meno tena?

#12 Fundi Redio
Babu hatanii. Mwaka 1910 tabibu Mwingereza William Hunter alihutubia Montreal akasema meno machafu na mapengo yaliyofunikwa kwa dhahabu ndiyo chimbuko la magonjwa chungu nzima ya mwili. Madaktari wakalipokea kwa mikono miwili. Huko New Jersey kulikuwa na Henry Cotton, mkuu wa hospitali ya wagonjwa wa akili ya Trenton tangu 1907 hadi 1930. Yeye aliamini wazimu unatokana na usaha uliojificha mwilini, akaanza na meno ya wagonjwa. Wasipopona anakwenda kwenye tonsili, kisha utumbo. Watu walikufa wengi kwa upasuaji wake. Na aliamini kwelikweli, kwa sababu hata yeye mwenyewe aling'olewa meno, na mkewe na watoto wakang'olewa.

Ndiyo maana mimi nikisikia "ugonjwa wako umetokana na meno" nashika mfuko kwanza.

#13 Nesi Zamu ya Usiku
Fundi, hadithi ni ya kweli, lakini Cotton hakupima kitu. Mzee wa Kigoda kapimwa mfuko kwa milimita na hakuna aliyesema ang'olewe.

#14 Chonge
Tena kinyume chake, maana jino lenyewe linalocheza daktari kaliacha.

#15 Tunu_S
Naomba kuuliza. Fizi zangu zinatoka damu nikipiga mswaki, nikaambiwa napiga kwa nguvu, niache sehemu hiyo ipone. Ni sawa?

#16 Nesi Zamu ya Usiku
Hapana dada. Ukiiacha, utando unajaa na damu inazidi. Mswaki laini, polepole, pale pale panapotoka damu. Kama ni utando tu, wiki moja au mbili utaona damu imepungua. Isipopungua nenda ukaonwe, huenda kuna ugaga chini ya fizi na huo mswaki hauutoi.

#17 Kofia Nyekundu
Unaitwa ukoga, si ugaga.

#18 Nesi Zamu ya Usiku
Kwetu wodini ugaga ni ule uliokwisha kuwa mgumu kama jiwe.

#19 Kofia Nyekundu
Na ukoga je?

#20 Babu Asiyezeeka
Ukoga ule wa njano unaokwanguka kwa ukucha. Ugaga haukwanguki. Msinichoshe.

#21 Mpiga Debe Mstaafu
Mimi nimevuta sigara miaka ishirini, fizi hazijawahi kutoka tone la damu. Nyie msiovuta ndio mnalialia. Nani mwenye afya hapo?

#22 Mwalimu wa Takwimu
Mkuu, hapo umegusa penyewe. Nikotini inabana mishipa midogo ya damu, kwa hiyo fizi za mvutaji hazitoki damu hata zikiwa zimeoza chini. King'ora kimezimwa. Wavutaji ndio wanaopoteza meno mapema.

Na hili linaharibu mjadala wote wa fizi na moyo. Tangu Wafini walipochapisha mwaka 1989 kwamba wagonjwa wa shambulio la moyo walikuwa na meno mabovu kuliko wenzao, watu wanasema meno yanaua moyo. Lakini sigara inaharibu fizi na inaharibu moyo. Sukari hivyo hivyo. Kukosa hela ya daktari hivyo hivyo. Ukiona watu wawili wanatoka mlango mmoja, haina maana mmoja kamzaa mwingine. Chama cha Moyo cha Marekani mwaka 2012 kilipitia ushahidi kikasema uhusiano upo hata ukiondoa sigara, ila kwamba fizi ndizo zinazosababisha, au kwamba kuzitibu kunazuia shambulio, hakijaona uthibitisho.

#23 Mpiga Debe Mstaafu
Sasa umenitisha. Nimejibonyeza fizi kwa kidole hapa, imetoka kitu cheupe.

#24 Nesi Zamu ya Usiku
Huo ni usaha mkuu. Nenda wiki hii.

#25 Zawadi_02
Ila moyo na meno kuna kitu. Mdogo wangu ana vali ya moyo ya bandia, hang'olewi jino bila kumeza antibayotiki kwanza.

#26 Chonge
Hiyo ni habari nyingine, usiichanganye na ya shambulio. Bakteria wa kinywani wakiingia kwenye damu wanaweza kutua kwenye vali mbovu na kuanzisha maambukizi. Hiyo haina ubishi. Ila zamani kila ambaye moyo wake una sauti kidogo isiyo ya kawaida alipewa dawa. Mwaka 2007 Wamarekani walipunguza orodha: wenye vali bandia, waliowahi kuugua maambukizi hayo, baadhi ya waliozaliwa na kasoro za moyo, na wachache waliopandikizwa moyo wenye tatizo la vali. Sababu ni kwamba kupiga mswaki na kutafuna kunaingiza bakteria kwenye damu kila siku. Huwezi kumeza antibayotiki kila ukitaka kupiga mswaki.

#27 Mjomba Mkorofi
Kwa hiyo mswaki nao ni hatari! Nilijua tu.

#28 Chonge
Mswaki kwenye fizi chafu ndio unaoingiza wengi zaidi. Usitafute kichaka, mjomba.

#29 Kinyonga
Naleta kesi yangu. Jino la juu la nyuma lilitoboka, likauma, likaacha kuuma lenyewe. Nikashangilia. Kumbe mshipa wa ndani ndio umekufa. Miezi sita baadaye pua ya kulia, ya kulia tu, ikaanza kutoa harufu mbaya ambayo ni mimi peke yangu niliyekuwa naisikia. Nikiinama kufunga viatu, shavu linajaa kama mtu anapuliza puto ndani. Nikapewa dawa za mafua mara tatu katika zahanati moja, hakuna aliyenifungua mdomo. Wa nne ndiye alinipiga picha: mzizi wa gego umechungulia kwenye uwazi wa mfupa wa shavu na usaha unapita hapo. Jino likatibiwa mzizi, pua ikapona bila tone la dawa ya mafua.

#30 Tunu_S
Pole sana. Kwa hiyo ni kweli jino la juu limeshikana na jicho? Bibi alikuwa anasema ukiling'oa unapofuka.

#31 Fundi Redio
Neva ya meno na neva ya kuonea ni vitu viwili, kung'oa hakupofushi.

#32 Nesi Zamu ya Usiku
Fundi sawa, ila bibi hakutoka patupu. Usaha wa chonge la juu unaweza kupanda mpaka chini ya jicho, jicho likafunga. Na mishipa ya damu ya eneo hilo inawasiliana na ya ndani ya fuvu, kwa hiyo mara chache sana maambukizi hufika huko. Kinachopofusha ni kuchelewa. Watu walikuwa wanang'olewa wakati jicho tayari limevimba, lawama ikaangukia koleo.

La chini nalo lina njia yake. Gego la chini likitunga usaha, unaweza kushuka chini ya ulimi na shingoni. Mjerumani von Ludwig aliueleza ugonjwa huo mwaka 1836 na bado unaua. Niliwahi kumpokea kijana amekaa kitako, hawezi kulala chali, mate yanamtoka, ulimi umeinuliwa mpaka unagusa kaakaa, sauti kama mtu anayeongea na kitu cha moto mdomoni. Alikuwa na jino bovu kwa mwezi mzima na anameza dawa za maumivu. Tulimwahi dakika za mwisho. Hapa hakuna mambo ya takwimu wala uhusiano. Ukiona shingo inavimba na kumeza kunakuwa kazi, usisubiri asubuhi.

#33 Mpiga Debe Mstaafu
Nesi mbona leo unanilenga mimi tu.

#34 Zawadi_02
Na wajawazito? Niliambiwa nisafishe fizi la sivyo nitajifungua kabla ya wakati. Nililia siku mbili.

#35 Mwalimu wa Takwimu
Aliyekuambia alikuwa anasoma magazeti ya zamani. Mwaka 1996 utafiti uliona akina mama wenye fizi mbovu wanajifungua njiti zaidi. Mwaka 2006 wakajaribu: wajawazito 823, nusu wakatibiwa fizi wakati wa mimba, nusu baada ya kujifungua. Waliojifungua kabla ya wiki 37 walikuwa asilimia 12.0 na 12.8, yaani hamna tofauti. Ila lilithibitika jambo moja la maana: kutibiwa fizi ukiwa mjamzito ni salama. Na fizi za mjamzito hutoka damu kirahisi kwa sababu ya homoni, si uchafu peke yake.

#36 Zawadi_02
Asante mwalimu. Natamani ningeusoma uzi huu mwaka juzi.

#37 Chonge
Mwalimu, kuna jambo unaliruka. Mwezi wa tano wa mimba huenda umeshachelewa, fizi zilioza miaka kumi nyuma. Jaribio linalosema kutibu mwishoni hakusaidii halijasema fizi hazikuhusika mwanzoni.

#38 Mwalimu wa Takwimu
Inawezekana. Lakini kwa mantiki hiyo hakuna jaribio litakalokushinda, kila mara utasema walichelewa.

#39 Chonge
Na wewe kila mara utasema ni sigara.

#40 Mjomba Mkorofi
Leteni viti, watu wanaumana meno kwenye uzi wa meno.

#41 Kofia Nyekundu
Uzi wa meno si ule wa kupitisha katikati ya jino na jino? Hapa tuna uzi kuhusu uzi.

#42 Kinyonga
Huo uzi wa kupitisha, mimi nilinusa wa kwanza baada ya kuutumia. Nilikaa kitandani nikafikiria ni watu wangapi nimeongea nao kwa karibu maishani.

#43 Tunu_S
😂😂 Kinyonga umeniua.

#44 Fundi Redio
Kwa wanaosema ni bakteria wanaosafiri: kuna hili la ugonjwa wa kusahau. Mwaka 2019 watafiti walisema wameona alama za bakteria wa fizi, Porphyromonas gingivalis, kwenye ubongo wa marehemu waliokuwa na Alzheimer. Dunia ikatetemeka, ikatengenezwa dawa ya kuzuia sumu ya yule bakteria. Mwaka 2021 matokeo yakatoka: kwa wagonjwa wote kwa jumla dawa haikuzuia kusahau. Na mtu anayesahau, mswaki ni kati ya vitu vya kwanza kuvisahau. Sasa nani alianza?

#45 Nesi Zamu ya Usiku
Hapo nakubaliana nawe. Lakini ukitaka sehemu ambayo mswaki unaokoa mtu waziwazi, nenda kwa wazee wanaouguzwa. Wanapaliwa usiku bila kujua, mate yanashukia mapafuni na kila kilichomo kinywani. Wajapani waliwafuatilia wazee kwenye nyumba 11 za kulelea kwa miaka miwili. Waliopigwa mswaki na wahudumu baada ya kila mlo, asilimia 11 walipata nimonia. Walioachwa wajihudumie kama kawaida, asilimia 19. Hata wasio na meno walinufaika, maana bakteria wanakaa pia kwenye ulimi na meno bandia.

Kwa hiyo Kigoda, mzee asilale na meno bandia kama anayo.

#46 Kigoda
Hana, yote ni yake. Yaliyobaki.

#47 Babu Asiyezeeka
Mimi ninayo na ninalala nayo. Leo naanza kuyavua, nesi kanitisha.

#48 Mama Pacha
Mbona wote mnatazama meno yakiharibu mwili? Mimi mwili ndio uliharibu. Nilianzishiwa dawa ya presha ya amlodipini, baada ya miezi fizi zikaanza kukua. Hazikuuma, zilikua tu, mpaka meno ya mbele yakawa kama punje zinazochungulia. Nilibadilisha mswaki, nikabadilisha dawa ya meno, nikasukutua chumvi. Hakuna aliyeniambia ni kidonge.

#49 Nesi Zamu ya Usiku
Amlodipini, nifedipini, na dawa ya kifafa ya fenitoini, zote zinajulikana kwa hilo. Ulibadilishiwa?

#50 Mama Pacha
Ndiyo, nikasafishwa na fizi zikarudi, si zote. Wengine msiache vidonge vyenu kwa kunisoma mimi, muulizeni daktari.

#51 Fundi Redio
Kwenye presha kuna kituko kingine. Bakteria wa nyuma ya ulimi wanageuza naitreti ya kwenye mboga kuwa kitu ambacho mwili unakitumia kulegeza mishipa ya damu. Mwaka 2013 watu 19 wenye afya walisukutua dawa ya kuua bakteria kwa siku 7, presha yao ikapanda kati ya 2 na 3.5. Kidogo, na watu wachache, lakini ilipanda. Kwa hiyo kinywa kisicho na bakteria kabisa nacho si afya.

#52 Mjomba Mkorofi
Mwanzo bakteria adui, sasa bakteria mjomba wangu. Amueni.

#53 Chonge
Wewe hujawahi kuwa na ndugu wa aina hiyo? Anakulinda nje, nyumbani anakula akiba.

#54 Kisiki
Niongeze la kwangu halafu nipite. Mjomba wangu aliumwa taya la kushoto wiki mbili. Akataka meno yang'olewe. Daktari wa meno aligonga kila jino kwa mpini wa kioo, hakuna lililouma. Akamuuliza: linauma ukitafuna? Hapana. Linauma lini? Nikipanda ngazi. Nikikaa linaacha. Daktari akavua glavu, akamwambia hapa si kwangu, nenda ukapimwe moyo leo leo. Mshipa mmoja wa moyo ulikuwa karibu kuziba. Angempata mwenye haraka na koleo, angekuwa na pengo na jeneza.

#55 Mwalimu wa Takwimu
Huyo daktari apewe maua yake.

#56 Kofia Nyekundu
Mbona hakuna anayesema jambo rahisi: mtu mwenye meno mabovu hatafuni. Anachagua laini na vitamu, anaacha vigumu vyenye nyuzi. Sukari inapanda kwa alichokula, bakteria hawakusafiri popote.

#57 Kigoda
Hili sikulifikiria. Mzee anatafunia upande mmoja tu, na chakula kigumu anakisogeza pembeni ya sahani kimyakimya ili mama asione.

#58 Chonge
Kofia kaleta hoja nyingine tena, na zote zinakaa.

#59 Kigoda
Wakuu, mrejesho baada ya miezi minne na nusu, samahani kwa kuchelewa.

Safari zote nne zimeisha. Ya kwanza alichomwa ganzi akalalamika njia nzima kwamba mdomo umepotea. Ugaga uliotoka daktari alituonyesha kwenye kitambaa: vipande vyeusi kama mkaa uliosagwa. Mzee alikaa kimya akivitazama, halafu akasema, "Hivyo vyote nilikuwa navimeza?"

HbA1c imetoka juzi: 8.3.

#60 Nesi Zamu ya Usiku
Hongereni! Nilisema.

#61 Mwalimu wa Takwimu
Safi sana. Lakini naomba kuuliza, kuna kingine kilichobadilika?

#62 Kigoda
Nilijua utauliza. Dozi ilikuwa imepandishwa mwezi mmoja kabla hatujaanza usafi. Anatembea jioni kwa sababu ya maneno ya mjomba hapo juu, nilimsomea akacheka akavaa viatu. Na sasa anatafuna pande zote mbili, sahani inarudi tupu. Kwa hiyo sijui nimshukuru nani.

#63 Mjomba Mkorofi
Mimi. Nilisema namba 8.

#64 Kofia Nyekundu
Sahani tupu. Mimi ndiye nilisema namba 56.

#65 Chonge
Na mimi namba 5. Dozi imepanda, sukari imeshuka, fizi zikafuata. Someni mpangilio wa matukio.

#66 Nesi Zamu ya Usiku
Fizi zimesafishwa kabla ya kipimo hiki, Chonge, soma vizuri wewe.

#67 Tunu_S
Na foronya?

#68 Kigoda
Nyeupe. Wiki ya sita sasa.

#69 Mpiga Debe Mstaafu
Mimi nilikwenda. Magego mawili yametoka, mengine wanajaribu kuyaokoa. Sigara nimepunguza, msiniulize kwa kiasi gani. Sasa fizi zinatoka damu nikipiga mswaki, nikaambiwa hiyo ndiyo nafuu.

#70 Babu Asiyezeeka
Na lile jino la mbele la mzee lililoanzisha yote haya, likawaje?

#71 Kigoda
Bado linacheza, ila kidogo kuliko mwanzo. Daktari alijitolea kuling'oa, mzee akakataa. Anasema wameshazoeana.